Supu ya Kuku kwa Mgonjwa wa Mafua

Soma kwanza: Marko 5:21-43, kisha 2 Wafalme 4:38-41.

Ndugu msomaji, katika habari ya binti Yairo watu hukumbuka jambo lile kubwa, ya kuwa Bwana alimshika mkono mtoto aliyekufa, akamwinua. Ni haki kulikumbuka. Lakini mara nyingi tunafunga Kitabu kabla hatujafika mwisho wa sura. Pale mwisho, watu wakiwa wangali wanashangaa, Bwana alitoa agizo dogo la jikoni: mtoto apewe chakula. Yeye aliyeweza kumrudishia uhai hakuona haya kufikiri juu ya tumbo lake. Kila nionapo mtoto aliyepona homa lakini amebaki mifupa, kwa sababu hakuna aliyemlisha vema, nakumbuka agizo lile.

Leo tutajifunza habari ya supu ya kuku. Labda utacheka na kusema, Nani hajui kupika kuku? Kupika unajua, mama, sitabishana nawe. Lakini je, unajua ni nani nyumbani anayepaswa kuila ile nyama? Na je, unajua kazi ambayo supu haiwezi kuifanya? Kwa kutojua hayo mawili, watoto wengine wamepotea mbele ya sufuria iliyojaa.

Baridi yetu na mafua yetu

Sisi wa Bungulu tunakaa karibu sana na mstari wa ikweta, na wageni hufikiri kwamba watu wa hapa hawajui baridi. Na waje walale Lubero usiku mmoja na blanketi moja! Mji wa Beni uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, Butembo kwa zaidi ya mita 1,700, na Lubero ni juu zaidi. Mvua za Machi hadi Mei, na tena za Agosti hadi Novemba, zikianza kupiga, mawingu hufunika Ruwenzori, udongo wa nyumba unakuwa unyevu, nguo hazikauki, na siku ya sala huwezi kusikia mahubiri kwa sababu ya makohozi.

Wengine husema mvua ndiyo inayoleta mafua. Sivyo kabisa. Mafua huletwa na vijidudu vidogo sana vinavyoitwa virusi, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Virusi vya mafua ni vya namna nyingi, zaidi ya mia moja, ndiyo sababu mtu anaweza kuugua mafua leo na kuugua tena baada ya wiki chache. Wakati wa mvua sisi sote tunakimbilia ndani. Tunafunga mlango na dirisha, watu wanane chumba kimoja, mmoja anapiga chafya, mwingine anafuta pua kwa mkono kisha anashika kikombe cha wote. Hivyo mafua huhama kutoka mtu hata mtu.

Sisi watu wa Beni na Butembo hatuna udhuru wa kusahau kunawa mikono. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa, hata tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kuwa imekwisha, kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya dawa: mlango wa kanisa, wa shule, wa duka. Tulinawa mpaka ngozi ikapasuka. Ndoo nyingi sasa zimegeuzwa kuwa za kuchotea maji. Sawa, zichote maji, lakini sabuni ibaki karibu na jiko na karibu na choo. Mafua si Ebola, lakini mkono unaoyabeba ni mkono uleule.

Tena, mafua hayana dawa ya kuyaua. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja havisaidii mafua hata kidogo, maana dawa hizo huua bakteria, haziui virusi. Unatupa fedha, na siku utakapougua ugonjwa wa bakteria kwa kweli, dawa ileile inaweza kukosa nguvu. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku saba hivi au kumi. Kazi yetu ni kumsaidia mgonjwa avuke siku hizo: anywe, ale, apumzike, apate hewa safi. Hapo ndipo supu inapata kazi yake.

Desturi ya kale

Usifikiri kwamba supu ya kuku kwa mgonjwa ni desturi ya kijiji tu. Mganga mmoja Myahudi, Musa bin Maimun, aliyefariki huko Misri mwaka 1204, alikuwa akiwaandikia wagonjwa wake mchuzi wa kuku. Mwaka 1978 waganga wa Miami huko Marekani walipima pua za watu, wakaona ya kuwa supu ya kuku ya moto hufanya makamasi yatembee upesi kuliko maji baridi, ingawa baada ya nusu saa pua ilirudi hali yake ya kwanza. Mwaka 2000 daktari Stephen Rennard wa Nebraska alichukua supu iliyopikwa kwa namna ya nyanya wa mke wake, akaona katika chupa za maabara kwamba ilipunguza mwendo wa chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo huongeza uvimbe wa pua na koo. Lakini angalia: hayo yalikuwa katika chupa, si katika kifua cha mtu. Nayaeleza ili usimdharau mama mzee wa nyumbani kwako, naye pia asije akakuambia kwamba supu inatibu kila kitu.

Faida iliyo wazi ni hii. Mvuke wake hufungua pua. Maji yake na chumvi yake hurudisha yale yaliyotoka kwa jasho na homa. Moto wake hutuliza koo. Na nyama yake hujenga mwili uliobomoka.

Kuku gani?

Kabla ya kuwasha moto, tazama kuku mwenyewe. Chagua kuku aliye hai na mzima, mwenye macho maangavu, anayekula na kutembea sawasawa. Jogoo mzee au kuku aliyeacha kutaga ndiye wa supu. Nyama yake ni ngumu, lakini mchuzi wake ni mzuri kuliko wa kuku wa sanduku wanaokuja wamegandishwa kwa barafu.

Sasa nitasema neno ambalo halitapendeza kwa wengine. Kila mwaka ugonjwa hupita katika mabanda yetu. Kuku wanaharisha majani, wanapinda shingo, na kwa siku chache banda zima limekwisha. Wengi, wakiona wawili wamekufa, huchinja waliosalia upesi upesi, na hata waliokwisha kufa hutiwa sufuriani au kupelekwa sokoni kwa bei ndogo. Naelewa uchungu wa kutupa nyama wakati watoto wana njaa. Lakini kwa macho huwezi kujua ni ugonjwa gani uliomwua kuku. Ule wa kupinda shingo mara nyingi ni wa kuku wenyewe tu. Lakini iko pia homa ya ndege, ambayo mwaka 2017 ilionekana katika jimbo la Ituri, jirani zetu, na namna nyingine za homa hiyo zimeua watu katika nchi nyingine. Hatari kubwa haimo katika kula nyama iliyoiva kabisa. Imo katika kumchinja, kumnyonyoa na kumpasua kuku mgonjwa, kwa maana damu na mavi yake yanagusa mikono na pua yako, na ya mtoto anayekusaidia.

Katika habari ya Elisha huko Gilgali kulikuwa na njaa, na mtu mmoja alikwenda porini akachuma asichokijua, akakikatia sufuriani. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwalisha ndugu zake. Waliokuwa wakila ndio waliotambua kwamba mauti imo katika chakula kile, wakapiga kelele. Kuku aliyekufa mwenyewe mzike au mchome. Kisha mwulize mtu wa mifugo habari za chanjo ya tone la jicho dhidi ya ule ugonjwa wa kupinda shingo. Tone moja kwa kuku mmoja, kila baada ya miezi michache, nalo lina bei ndogo kuliko banda tupu.

Namna ya kuipika

Chinja mahali palipo mbali na kisima na mbali na watoto. Acha damu itoke yote. Tia kuku katika maji ya moto kwa muda mfupi, umnyonyoe, kisha umpitishe juu ya moto kuondoa vinyweleo. Ukimpasua, angalia nyongo isipasuke, maana ikipasuka supu yote itakuwa chungu, na utasingiziwa kwamba umetia dawa. Tumbo lake na gole lake vitupwe shimoni. Nawa mikono kwa sabuni, osha na kisu na ubao kabla ya kukata kitu kingine. Kisu kilichopasua kuku kisikate ndimu wala tomati za kuliwa mbichi.

Kwa kuku wa kilo 1 na nusu tia maji lita 3 hivi. Anza na maji baridi, si ya moto, ili utamu wa mifupa utoke polepole. Yakianza kuchemka, povu la kijivu litapanda juu. Liondoe kwa kijiko mpaka maji yawe safi. Hapo punguza moto. Hili ndilo kosa la vijana wetu: wanataka kuona sufuria ikiruka. Supu ya mgonjwa haitaki kuruka, inataka kutikisika kidogo tu, saa 2, na kwa jogoo mzee hata saa 3, kifuniko kikiwa juu. Makala yako yatakutosha zaidi hivyo.

Baada ya saa ya kwanza tia vitunguu viwili, vipande vichache vya kitunguu saumu, na tangawizi kiasi cha kidole gumba, iliyopondwa. Karoti na puwaro kutoka milima ya Lubero na Butembo hupatikana hapa soko la Kilokwa. Tia ulivyoweza kununua. Nusu saa kabla ya kuepua, tia viazi vya kizungu vilivyokatwa vidogo, au konzi mbili za mchele. Mwisho kabisa, dakika tano tu, tia lengalenga iliyokatwa. Majani yakipikwa saa nzima yanapoteza rangi na faida.

Chumvi tia mwishoni, kijiko kidogo kimoja kwa sufuria nzima, kisha onja. Ukitia na Maggi, basi punguza chumvi, maana Maggi ni chumvi tayari. Na mgonjwa wa tansiyo asitiwe vyote viwili. Pilipili ni kwa watu wazima. Huwafungua pua na kuwatoa machozi, nao hupenda. Mtoto usimpe, maana ataumia koo na kukataa chakula chote.

Neno juu ya mbabula. Mvua ikinyesha, watu huingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili wapate joto pamoja na kupika. Makala yanayowaka hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi. Watu hulala, hawaamki. Usilale kamwe chumba kimoja na makala yanayowaka. Na moshi wa kuni, ijapokuwa hauui kwa usiku mmoja, huharibu mapafu ya mtoto aliye mgongoni mwa mama. Umpe mtu mwingine akushikie mtoto wakati wa kupika, hasa mtoto mwenye kikohozi.

Nani ale nyama?

Hapa yakupasa kunisikiliza wewe baba, hata kama umesikiliza kidogo habari za vitunguu.

Zamani, kwa Baganda na kwa Waluhya na kwa makabila mengine ya Afrika ya Mashariki, wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Desturi hizo zimelegea. Lakini katika nyumba nyingi desturi nyingine imebaki, ambayo haina jina. Kuku anapikwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Sahani inakwenda kwanza kwa baba: paja na firigisi. Mgeni amefika, anapewa paja la pili na kifua. Vijana wanapata mabawa na mgongo. Mama anapata shingo na miguu. Na mtoto mgonjwa, ambaye kuku alichinjwa kwa jina lake, anapewa kikombe cha mchuzi. Watu wanasema, "Mpe mchuzi, nguvu yote imo humo."

Nguvu yote haimo humo. Katika mchuzi mna maji, chumvi, mafuta kidogo, na utamu wa mifupa. Vyema, vinafaa. Lakini kile kinachojenga mwili, kinachofunga kidonda na kumzuia mtoto asivimbe miguu na nywele zake zisiwe nyekundu, kimebaki katika nyama. Hakiyeyuki. Ukimpa mtoto mchuzi mtupu siku tano, umemlisha maji ya chumvi kwa upendo mwingi.

Basi fanya hivi. Nyama ikiwa laini, chukua ya kifua, uichane vipande vyembamba kama nyuzi. Kwa mtoto mdogo itwange katika kinu safi pamoja na kiazi na kijiko cha mafuta ya mawese au cha karanga zilizosagwa, kisha urudishe mchuzi kidogo mpaka iwe kama uji mzito, usiotiririka kutoka kijikoni. Mpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, kwa maana mwenye mafua hupumua kwa kinywa na hachukui kijiko kikubwa. Safisha pua yake kwanza kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, ndipo umlishe. Na akipona usiache. Kwa wiki mbili mwongezee chakula kimoja zaidi kila siku, ili arudishe alichopoteza. Hilo ndilo agizo alilopewa Yairo.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, yeye hapewi supu wala mchuzi wala maji. Apewe ziwa tu, mara nyingi kuliko siku zote. Mama yake ndiye aile supu. Na asali, watu wanayoipenda kwa kikohozi, isipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kumletea sumu ya kulegeza mwili.

Supu iliyobaki, kwa kuwa wengi hatuna friji, ichemshwe tena jioni mpaka iruke, ifunikwe, ichemshwe tena asubuhi na kumalizwa. Isingoje siku ya pili kuisha.

Asiye na kuku

Mama mmoja mjane aliwahi kuniuliza baada ya mafundisho, "Mimi nina kuku mmoja tu, na mtoto wangu anakohoa. Nimchinje?" Yeye na watoto wake walikimbia mashamba yao kwa ajili ya mauaji, kama wengi waliokimbia tangu mwaka 2014, nao walikuwa wageni katika nyumba ya ndugu. Nilimwuliza kama kuku yule anataga. Akasema, Ndiyo.

Nilimwambia asimchinje. Kuku anayetaga ni kama akiba ya benki iliyo na miguu. Yai moja lililopigwa na kumiminwa katika mchuzi wa vitunguu na lengalenga unaochemka ni nyama kamili kwa mtoto, na kesho kutwa liko jingine. Ndagala waliokaushwa, wakisagwa kuwa unga, kijiko kimoja katika uji au mchuzi, hufanya kazi ileile. Samaki kutoka Kyavinyonge, akichambuliwa miiba kwa uangalifu, vivyo hivyo. Maharagi yaliyopikwa sana na kupitishwa katika kichungi, yakiwa na mafuta ya mawese, ni supu ya heshima. Usione aibu ya kukosa kuku. Ndugu wa kanisa, mnapokwenda kumwombea mgonjwa, mmoja wenu achukue mayai matatu. Sala haitapungua.

Kazi ambayo supu haiwezi

Sasa nimefika mahali ambapo kwa sababu yake nimeandika somo hili lote.

Wakati wa mvua fulani, mama mmoja alimleta mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa mama mwenye bidii. Siku ya kwanza mafua, akapika supu. Siku ya pili kikohozi, akaongeza tangawizi. Siku ya tatu mtoto alipumua upesi, na jirani akamshauri akatwe kilimi, lakini mama alikataa, akafanya vema. Akapika supu tena. Siku ya nne alfajiri alifika mlangoni petu na mtoto mgongoni, na thermos mkononi. Nilihesabu pumzi zake: 68 kwa dakika moja, na mbavu za chini zikiingia ndani kila anapovuta hewa. Ilikuwa homa ya mapafu. Tulimpa dawa na hewa ya mashine. Kabla ya adhuhuri alifariki. Supu ilikuwa bado moto ndani ya thermos.

Mama huyu hakukosa upendo wala kazi. Alikosa kujua kuhesabu. Nawe unaweza kujua leo, hata kama hukumaliza shule.

Ngoja mtoto atulie, asilie wala asinyonye. Inua nguo yake utazame tumbo na kifua. Kila kinapopanda, hesabu moja. Chukua simu au saa, uhesabu dakika nzima, si nusu. Mtoto asiyetimiza miezi miwili: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka kabla ya mwaka: 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka miaka mitano: 40 au zaidi. Ukipata hesabu hiyo, epua sufuria, mfunge mtoto, twende. Mganga atampa amoxicillin kwa kipimo cha uzito wake, naye akianza mapema, wengi hupona nyumbani.

Hata kama hujahesabu, njoo mara moja ukiona mbavu za chini zinaingia ndani, au mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au ameshikwa na degedege, au analala na haamki vizuri, au midomo inageuka rangi, au anakoroma akiwa ametulia. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au anayekataa ziwa, usimngojee hata saa moja. Na kila homa kali hapa kwetu ipimwe tone la damu, maana malaria na mafua huweza kuingia nyumba moja siku moja.

Wakati wa Ebola wengi waliogopa hospitali, na hofu hiyo haijaisha katika mioyo yote. Nawaelewa. Lakini homa ya mapafu haingoji mtu ashinde hofu yake. Tena usiku barabara zetu zina hatari, nanyi mnazijua kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Kwa hiyo, mtoto akiwa na kikohozi, hesabu pumzi asubuhi, na hesabu tena saa kumi jioni, wakati jua lingali juu na pikipiki zingali njiani. Usingoje kuhesabu usiku wa manane.

Chanjo za majuma ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga dhidi ya vijidudu viwili vinavyoleta homa kali ya mapafu. Tazama karata ya mtoto wako. Na mtu mzima anayekohoa zaidi ya wiki mbili, huyo si wa supu tena. Alete makohozi yake yapimwe kifua kikuu. Dawa yake hutolewa bure.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

Katika nyumba yako, kuku akipikwa kwa ajili ya mgonjwa, nani hupata kifua? Jibu kwa kweli, si kama ungejibu mbele ya mchungaji.

Yule mama wa thermos, siku gani angaliweza kugeuka njia? Nani mwingine katika nyumba ile, au katika jirani zake, angaliweza kumsaidia?

Kabla ya kwenda nyumbani, kila mmoja amtafute mtoto aliyelala hapa katikati yetu, ahesabu pumzi zake dakika nzima, na jirani yake ahesabu pia. Mkipata hesabu mbili mbalimbali, hesabuni tena.